Sauti ya Kanzu-Fupi

Mbugangari, Gisenyi
16 Januari 1955

Kwa Dauda, mudogo wangu,

Pokea salamu mara mbili, maana moja inaweza kudondoka majini. Barua hii nampa Phocas wa kwenye bato ya ziwani, na Phocas we unamujua, mukono moja iko na kazi, ingine iko na mandazi. Mama iko. Muguu yake ya kushoto bado inamusumbua, kwa hiyo namupeleka Nyamyumba kwa maji ya moto. Anaingia analia, anatoka anacheka, kesho analia tena. Anauliza kama unakula. Mi niko na cherehani yangu mbele ya mulango, wateja wananigombeza kama kawaida.

Bon. Neno lenyewe ni hili. Habiyaremye, karani wa viwanja, alikuja akazunguka kibanda yetu ya vikaragosi, akaisukuma na fimbo kama mutu anaangalia ng'ombe mugonjwa. Anasema tangu we ulienda Bukavu kibanda imefungwa, na kiwanja katikati ya Mbugangari haiwezi kulala bure. Mutu mwenye makamyo anaiomba aweke gari zake za mizigo. Yewe, nilipiga kelele mpaka majirani wakatoka! Mwisho akasema: "Saidati, kama siku ya Idd nitakuta watu wamejaa mule ndani wanacheka, kiwanja inabaki yenu. Nisipowakuta, donc namupa mwenye makamyo." Na anataka aandikiwe namna nyumba hii ilianza, awaonyeshe wakubwa wake kama haikuwa uhuni.

Hiyo historia Baba alikusimulia wewe. Mi nilikuwa wa kushona tu. Iandike. Na kwa Idd uje we mwenyewe, maana Kanzu-Fupi bila sauti yako ni kitambaa. Watu hawachoki kuniuliza sokoni, "Kanzu-Fupi atarudi lini?" Habari yangu mi hakuna anayeuliza.

Dada yako,
Saidati


Bukavu
12 Februari 1955

Kwa Dada yangu Saidati, uliyebaki na mama yetu,

Assalaam alaikum. Barua yako imefika salama, inanukia mandazi. Mimi ni mzima, alhamdulillahi, nafanya kazi karakana ya magari na jioni napumzika. Mwambie Mama nakula, tena nakula vizuri. Mguu wake usipakwe mafuta ya taa hata akililia.

Ama baada ya salamu, mwambie karani hivi. Baba yetu Faradji alitoka Ujiji na cherehani kichwani, akafungua kazi Mbugangari. Kama mafundi wote, alikuwa akipokea nguo za Idd nyingi kuliko mikono yake. Kila Ramadhani ikiisha, jioni ya kutazamia mwezi, baraza lilijaa watu, kila mmoja anadai kanzu yake, na kanzu hazijaisha. Mwaka mmoja mteja alimkaba Baba shingoni. Baba akatia mkono ndani ya kanzu ya yule yule mteja, ilikuwa fupi bado, haina pindo wala mkono wa pili, akaisimamisha juu ya cherehani na kuisemesha kwa puani: "Usimpige fundi, bwana wangu. Mimi ndiye niliyechelewa. Nilikuwa naoga." Watu walicheka, na yule aliyemkaba akacheka kuliko wote. Lakini kanzu akaikataa. Alisema, "Hii imeshazoea kusema. Nikienda nayo msikitini itamjibu imamu kabla yangu."

Ndiye Kanzu-Fupi. Mwaka wa pili walikuja hata watu ambao hawakuwa na nguo kwa fundi. Baba akamchongea kichwa, akamwoza mke wa vipande vya vitenge, Mama Siridhiki, akajenga kibanda cha matete na kutia mabenchi. Wavuvi wa Nyamyumba walikuja Jumapili wakitoka misa, sisi tulijaa siku za Idd, na watu walionuniana sokoni walikaa benchi moja. Sheria ilikuwa moja tu: Kanzu-Fupi akikutaja jina, wa kwanza kucheka ni wewe. Baba alipofariki, nikairithi ile sauti.

Huo ndio mwanzo wake, hauna uhuni. Wasalimie majirani wote.

Ndugu yako,
Dauda


Mbugangari
6 Machi 1955

We Dauda!

Salamu baadaye. Nilikuuliza mambo mawili, umejibu moja kwa ukurasa mzima na ingine umeipita kama mutu anapita mbele ya duka anakodaiwa. Unakuja ao haukuji?

Haya, salamu. Mama iko, muguu inapungua, mafuta ya taa amejipaka nikiwa sokoni. Historia yako nimemusomea Habiyaremye. Pale pa "nilikuwa naoga" alisahau kama yeye ni karani, akashika tumbo. Lakini alipofuta macho akasema neno ni lile lile, anataka watu ndani siku ya Idd.

Na ile Kiswahili yako! "Ama baada ya salamu"! Umeanza lini kuandika kama maalimu? Ulipotoka hapa ulikuwa unaongea kama sisi.

Kazi naendelea nayo. Matete nimepata, majirani wanakuja kufunga kamba. Panya walikula shavu ya Mama Siridhiki, nimemushonea ingine ya bluu, sasa anaonekana kama mutu ametoka kupigana, na inamufaa. Kanzu-Fupi hawakumugusa. Nimemufua, nimemupiga pasi.

Sasa sikia. Kama kazi inakukatalia, sema tu, nitaisema ile sauti mi mwenyewe. Usicheke. Nimekaa nyuma ya pazia na we miaka ngapi, nakupitishia vikaragosi? Masikio yangu si ya mbao. Jana nilijaribu nikiwa nashona, kidogo tu, ile yake ya kuvuta mwisho ya neno. Mama akaita toka jikoni: "Dauda! Umefika?" Akatoka mbio na ile muguu mbaya. Akanikuta mi peke yangu na kanzu mukononi. Ayii, Dauda, nilijuta nilipoona uso yake.

Jibu upesi.

Saidati


Bukavu
2 Aprili 1955

Dada,

Nakuandikia nimesimama, bato linaondoka. Sitaweza kuja. Kazi ni nyingi.

Cheza na Mama Siridhiki peke yake, mtie sauti yoyote unayopenda. Ile ya Kanzu-Fupi iache, nakuomba. Yeye mfungie sandukuni. Usiniulize sababu.

Dauda


Mbugangari
20 Aprili 1955

Kwa Dauda, kama bado ndilo jina lako,

Mama nilimudanganya kama umemusalimia. Barua nzima haina salamu yake! Nilimusomea ya hewani, akafurahi.

Mama Siridhiki peke yake? Mwanamuke huyo atagombana na nani, na benchi? Mutu ananifukuza kwenye nyumba ya Baba halafu ananiambia nisiulize sababu. Mi nilikulea. Nilikubeba mugongoni mpaka mugongo ikakunja. Nitauliza, na nitauliza tena.

Lakini sina haja sana, maana Phocas aliyeleta barua yako alikaa hapa mulangoni akamaliza chai yangu yote, akasema: "Saidati, huko Bukavu bato ililala bandarini. Alfajiri nikasikia Kanzu-Fupi anaita Waislamu kusali." Nikamuambia akome na dini ya watu. Akaapa kwa Bikira Maria. "Ni Dauda wenu. Ile mwisho ya neno anaivuta namna ile ile. Nilingoja amutaje Mama Siridhiki."

Dauda, we ni muadhini? Kama ndiyo, mashallah! Baba angechinja mbuzi, angeita Mbugangari nzima. Kwa nini unaficha kama mutu ameiba kuku? Na muadhini amekatazwa kuwa na dada? Idd ikipita bila watu ndani, karani anatoa kiwanja. We unaita watu kule, mi wananihamisha huku.

Mwezi iko karibu kuonekana. Ramadhani njema hata hivyo.

Saidati


Bukavu
5 Mei 1955

Kwa Dada yangu Saidati,

Ramadhani karim kwako na kwa Mama. Mwombe Mama radhi kwa barua ile, na wewe pia nakuomba radhi. Mwambie nafuturu kwa watu, kila siku nyumba nyingine, hata mkanda umenibana. Mwulize kama anafunga na mguu ule, na umkataze, najua hatakusikia.

Phocas amesema kweli, ni mimi. Walinijaribu wakati mwadhini wa zamani alipougua, na alipofariki wakaniacha pale. Sikuwaandikia, maana nilijua utasema ni heshima, na baada ya heshima utaniomba nije Idd. Nisingeweza kukukatalia uso kwa uso, ndiyo maana nimekukatalia kwa barua, tena vibaya.

Sikiliza ilivyokuwa. Mwaka jana Harerimana, yule mchuuzi wa ngozi wa kwetu Mbugangari, alikuja Bukavu kuuza. Siku ya Ijumaa aliketi mbele. Niliposimama kuita, nilipofika kwenye maneno ninayoyavuta, nikasikia mtu amecheka. Hakukusudia. Kicheko kilimtoka kama chafya. Aliomba msamaha mbele ya watu, machozi yanamtoka, akasema: "Nisameheni, nimemkumbuka Kanzu-Fupi." Basi akaulizwa Kanzu-Fupi ni nani, na Harerimana akiulizwa unamjua. Alisimulia mpaka magharibi. Tangu hapo kila mtu wa Gisenyi akishuka bandarini, vijana wa huku wanamtazama usoni wakati wa adhana waone kama atacheka. Wawili walicheka. Hao pamoja na Harerimana niliwaapisha wasiwaambie nyumbani. Wazee wakaniita. Hawakunikaripia. Walisema tu, sauti ya kuitia watu sala haiwezi kuwa ya kuchekesha, na kama watu hawataisahau ile, watamweka mtu mwingine.

Nimejaribu kuibadili. Ndiyo niliyonayo, Dada. Nikiiminya inakatika.

Unajua nilivyokuwa tangu Baba afe. Nilikuwa siwezi kukaa. Niliacha nyumba, nikaacha kazi mbili huku, nikalala kwa watu. Ninapoita tu ndipo miguu yangu inatulia. Nakwambia wewe, sijamwambia mtu mwingine.

Ukiisema sauti ile siku ya Idd kama ulivyoisema mpaka Mama akatoka jikoni, kibanda kitajaa, najua. Na watu watapanda bato wakiwa nayo masikioni mpaka huku. Kibanda ni cha Baba na wewe ndiye uliyebaki nacho, mimi niliondoka. Sina haki ya kukukataza, nakuomba tu.

Ndugu yako,
Dauda


Bukavu
4 Juni 1955

Dada,

Idd mubarak, ingawa imepita. Je, Mama mzima? Phocas amefika mara mbili mikono mitupu. Nikimwuliza Idd ya Mbugangari ilikuwaje, anajifanya anafunga kamba, na kamba imeshafungwa.

Nikienda kuita, kwanza natazama viatu mlangoni nione kama kuna mtu aliyetoka kwetu. Niandikie hata matusi. Kimya chako kinaninyima usingizi.

Dauda


Mbugangari
19 Juni 1955

Kwa Dauda,

Salamu ya kwanza ni ya Mama. Anakula, anatembea, anagombana na kuku ya jirani. Alifunga Ramadhani yote, nani angemukataza. Salamu ya pili ni yangu na iko na hasira ndani, uipokee hivyo hivyo. Nilinyamaza sababu kila nikishika kalamu natukana.

Siku ya Idd, nyuma ya alasiri, kibanda ilijaa mpaka watu wakakaa chini. Wavuvi wa Nyamyumba walikuja na wake zao. Harerimana alikaa mbele kabisa na kofia mupya. Mama alikaa benchi yake ile. Habiyaremye akasimama mulangoni, mikono nyuma. Mi niko nyuma ya pazia, Kanzu-Fupi mukononi, na sauti yako iko hapa kooni, Dauda, ilikuwa tayari kutoka yenyewe. Niitoe tu, kiwanja ni yetu.

Nikamusimamisha. Walipiga makofi mbele hajafungua kinywa. Na mi nikaongea kwa sauti nzito, mbaya, ya kukwaruza, kama mwanamuke wa samaki amenyeshewa juma nzima.

Mutu moja nyuma akasema, "Huyu si yeye!" Kanzu-Fupi akamujibu: "Ni mi. Ile sauti ingine ilikuwa mafua. Miaka yote ile niliugua mbele yenu na nyinyi munacheka mugonjwa, hamuna haya. Sasa nimepona." Hapo wakacheka kidogo. Nikafikiri, labda Mungu atanipa yote mbili. Nikaendelea. Nikamutaja Harerimana, nikamusalimia, nikasalimia ngozi zake, nikauliza habari ya mbuzi waliokuwa wanazivaa, yote kwa ile sauti ya kukwaruza. Alicheka kwa sababu ya sheria, ametajwa jina, basi akacheka. Halafu niliona kwenye tundu ya pazia amevua kofia anajikuna kichwa. Akamuambia jirani yake, na mi nasikia: "Ameniharibia masikio. Sasa hata nikimukumbuka yule wa zamani, nasikia huyu tu."

Nilipomusikia nikajua imekwisha, hofu yako na kibanda yangu.

Wakaanza kutoka. Wangetoka na hasira ningejibu, lakini hapana, walitoka moja moja wameinamisha kichwa kama kwenye matanga, wengine wanasema "pole, Saidati" kwenye pazia. Mama Siridhiki alikuwa bado anamugombeza bwana yake na mabenchi iko wazi. Sikumukatiza. Nilimaliza muchezo yote mpaka mwisho. Habiyaremye alingoja, ile ni heshima yake, akaniambia: "Saidati, mi pia nilikuja kucheka." Akaenda.

Makamyo iliingia nyuma ya juma moja. Matete waliyachukua wanawake ya kupikia, niliwaambia wachukue. Pale tulikuwa tunakaa nyuma ya pazia, sasa dereva anaoshea gurudumu.

Mi sijui kukaa tena. Nashona, nasimama, naenda mpaka Grande Barrière, pale kwenye mupaka, naangalia watu wanapita kwenda Goma, narudi, nashona, natoka tena. Mama ananiuliza nani ninamutafuta. Siku ile ya Idd tukirudi nyumbani aliniuliza, "Kwa nini hukumutoa Dauda? Unamuweza." Nikamuambia koo iliniuma. Akanichemshia tangawizi, nikainywa yote mbele yake.

Usiniandikie asante. Nikiona hilo neno napasua barua. Ita watu vizuri, basi. Ita kabisa, kwa ile sauti yote, usiiminye tena.

Dada yako,
Saidati


Bukavu
14 Agosti 1955

Dada yangu,

Salamu kwako, salamu kwa Mama. Idd hii kubwa wazee wamenithibitisha, sasa mimi ni mwadhini wao, hakuna wa kujaribiwa tena. Karakana wamenipa ruhusa, nitakuja kumwona Mama mwezi ujao. Usimwambie bado, atauza kuku wa jirani anunue mchele. Nitakuja na tangawizi.

Umenikataza neno moja, siliandiki.

Ijumaa iliyopita Harerimana alikuja. Nilimwona tangu anavua viatu. Aliketi mahali pale pale pa mwaka jana, na vijana wote wakageuza shingo kumtazama. Nilidhani sitaweza, Dada. Nikaita. Nilifika kwenye yale maneno, nikayavuta kama ninavyoyavuta siku zote. Harerimana aliinamisha kichwa tu. Vijana wakageuka mbele, wamechoka kungoja. Baada ya sala akanishika mikono yote miwili, akasema, "Dauda, leo nimesikia adhana."

Nikamwitikia vizuri. Nikamkaribisha chai, akanisimulia bei ya ngozi.

Lakini nikuambie wewe, maana sina mwingine. Pale nilipovuta mwisho ya neno, nilingoja. Pumzi iliisha na mi bado nangoja. Nilitaka acheke, Saidati. Hata yeye mutu mumoja tu.

Mudogo wako,
Dauda